Nilijitambulisha kwa maisha ya mdogo wangu

Nilimwibia mdogo wangu wa damu akiwa nje ya mlango, amenishikia mkoba wangu!

Sikumwibia simu. Sikumwibia mume. Niliiba maisha yake, jamani, kwa mdomo wangu mwenyewe...

Ngoja niwaeleze taratibu. Naandika ili nisije nikajisahaulisha.

Mama yetu alifariki mwaka huu. Tukabaki mimi na mdogo wangu, na wote hatuna kazi. Tukasikia nyumba ya kutunzia wazee inatafuta mhudumu. Nafasi moja tu. Tukaomba wote, tukacheka: atakayepata atamlisha mwenzake.

Nikaanza kumfundisha kujitambulisha. Mimi mdomo ninao, nimeuza mapazia dukani. Yeye ni mtu wa kimya.

"Haya, jitambulishe."

"Mimi nilizaliwa katika familia ya watoto wawili, nikaanza darasa la kwanza..."

"Weee! Mpaka umalize shule, wazee wote wamelala!"

Alicheka mpaka akakaa chini.

Nikamwambia: sema wewe ni nani, umefanya nini, utawafaa kwa lipi. Basi. Nikampangia maneno:

"Nimemuuguza mama yangu mpaka siku ya mwisho. Najua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Najua kumlisha asiyetaka kula. Sioni kinyaa."

Kila neno kweli tupu. Na kila neno lake.

Siku ya usaili nikaitwa mimi kwanza. Mezani walikuwa matroni na mzee mmoja wa miwani.

"Karibu. Tueleze kuhusu wewe."

Nikafungua mdomo... hamna kitu! Nilikuwa nimemwandaa yeye. Mimi mwenyewe sikujiandaa hata sentensi moja.

"Dada, tunakusikiliza."

Ndipo mdomo ukakimbia wenyewe:

"Nimemuuguza mama yangu mpaka siku ya mwisho..."

Nikayamaliza yote. Matroni akaweka kalamu chini, macho yamelowa machozi.

"Pole sana, binti. Watu kama wewe ndio tunaowatafuta."

Nikatoka. Mdogo wangu akanipa mkoba bila kuniangalia. Ukuta ule ulikuwa wa mbao nyembamba... alisikia kila kitu!

Akaingia yeye. Sasa nikawa nasikia mimi.

"Jitambulishe."

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Mimi ni mdogo wake huyo aliyetoka," akasema. "Dada ndiye aliyemuuguza mama. Mimi... mimi nilikuwa nachemsha maji tu."

Mama alipokuwa kitandani, mimi nilikuja Jumapili na matunda, nikambusu kwenye paji la uso, nikawahi gari. Usiku wote ulikuwa wa mdogo wangu.

Nikasukuma mlango.

"Matroni, huyu anadanganya!"

"Nani?"

"Sisi wote wawili. Mimi ndiye niliyeanza."

Nikajitambulisha upya, nimesimama, machozi mpaka kidevuni. Mimi ni muuza mapazia. Najua kupima madirisha na kubembeleza wateja. Sijawahi kumwogesha mgonjwa. Aliyefanya yote ni huyu hapa.

Nikajua wataniambia toka, kisha watampa yeye kazi. Si ndivyo tunavyosoma kwenye visa vya humu kila siku?

Matroni akafunga faili.

"Wazee wetu wengine hawawezi kusema. Amekula? Amekunywa dawa? Tunamtegemea mhudumu atuambie kweli. Wewe umetudanganya kwa kutaka kazi, mwenzako kwa kukupenda. Kwangu mimi ni yaleyale. Nendeni salama."

Wote wawili. Nje!

Barabarani nikamshika mkono.

"Mdogo wangu, nisamehe. Roho ilinisuta."

Akautoa mkono wake.

"Dada, kazi ulikuwa umeshaipata."

"Lakini nilikuibia!"

"Na mimi nikakuachia! Ungenyamaza, leo mmoja wetu angekuwa na kazi. Ulipofungua ule mlango ulikuwa unajitua mzigo wako. Kuiba umeamua peke yako. Kuungama umeamua peke yako. Mimi uliniuliza lini?"

Akavuka barabara, nikamfuata nyuma.

Wewe unayesoma, ukiitwa kwenye usaili, jiandae kujieleza wewe. Kama uliyofanya ni machache, yaseme hivyohivyo machache, lakini yawe yako. Nami nimejifunza kwamba ukweli uliouchelewesha unaweza kumuumiza mtu yuleyule uliyemuumiza kwa uongo.

Wiki hii alikuwa na usaili mwingine.

"Njoo tufanye mazoezi kidogo," nikamwambia.

"Nitajisemea mwenyewe, dada."

Sikubisha. Jioni nikampigia pasi sketi yake nyeusi, ile anayoipenda, nikaitundika mahali ambapo lazima ataiona.

Asubuhi akaondoka amevaa gauni.