Tangi la Samaki wa Kwetu

Soko la Igbudu mjini Warri, siku ya Jumamosi, halina adabu. Ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa, na ukiuliza bei unaulizwa kwanza kama umekuja kununua au kupunga upepo. Katikati ya vurugu hiyo msichana mmoja alikuwa amechuchumaa njiani, gauni lake la kitenge cha buluu amelikunja hadi magotini, mabuti ya mpira miguuni, akichungulia beseni la mama muuza samaki wa mtoni. Mkononi alishika chupa tupu ya mayonezi. Kila alipomwona samaki hai wa ukubwa wa kidole, alimkinga kwa kiganja, akamgeuzageuza kwenye mwanga, kisha akamrudisha au akamtia chupani.

Biashara ya jirani ilisimama. Mudiaga, kijana mrefu mwenye aproni nyeupe ambaye kambale wake walijulikana Warri nzima mpaka Effurun, alikuwa amemshika kambale wa kilo mbili na mteja anamsubiri, lakini macho yake yalikuwa kwenye ile chupa.

"Anti," alisema, "mpaka hao waijaze sufuria, si utakuwa umeshaota mvi?"

"Si wa sufuria."

"Wa dawa?"

"Wa kutazama."

Akina mama wa meza za pembeni walicheka. Mudiaga akasema kwamba katika mji huu, ambako mtu hunyoosha kidole kwa samaki naye akatoka kwenye beseni moja kwa moja hadi kwenye supu ya pilipili, hajawahi kusikia samaki wa kutazama.

Msichana akainuka, akampelekea ile chupa mpaka puani.

"Cheka ukishatazama, kaka."

Mle chupani kulikuwa na samaki jike mdogo, mapezi yake ya juu yamepakwa dhahabu, na tumboni ana wekundu wa rozela iliyotoka kuchemshwa. Alijipinda kidogo, kama mwanamke anayetaka mshonaji aone vizuri alivyokaa kiunoni.

"Huyu ni wa mto Ethiope," msichana alisema. "Ulaya wanamwekea taa, wanamwandikia vitabu. Wewe umezaliwa kando ya mto huohuo, na tumbo lake hujawahi kuliona."

Mudiaga alichukua mfuko wa plastiki, akautia maji safi, akamhamisha yule samaki, akaujaza hewa na kuufunga kwa raba, kama anavyofunga vifaranga vya kambale wanaosafirishwa mbali. Alisema kwenye chupa asingefika hai na jua hili. Msichana aliutazama ule ufundi wa vidole, akamtajia jina lake, Ufuoma, na namba ya simu bila kuombwa mara mbili.

Simu zikaanza kesho yake.

"Samaki wameamkaje?"

"Salama. Mimi huniulizi?"

"Nimeanza na wakwe."

Wiki ya tatu Mudiaga alikuwa anamaliza kazi mapema na kunawa mikono kwa ndimu mara mbili ili asinuke kambale, halafu anakwenda Effurun, kwenye kijiduka cha Ufuoma kilichojaa vioo vya kufugia samaki na mlio wa pampu. Walikula banga, mchuzi wa chikichi, na wanga uliosongwa kwa bakuli moja. Mudiaga alimwita Malkia wa Vioo, naye akamwita Bwana Ndevu, kwa ajili ya sharubu za kambale wake.

Wakati huo Ufuoma alikuwa amepata kazi iliyomnyima usingizi kwa furaha. Mama Dokta Omonigho alikuwa anafungua kliniki mpya ya uzazi, na ukumbi wa kusubiria ulitaka tangi kubwa la samaki. Dokta alitaka samaki wa dhahabu, wale wa kuagizwa. Ufuoma akamwomba amruhusu atie samaki wa mito ya kwetu tu, wote, bila hata mmoja wa kigeni. Walibishana nusu saa. Mwisho Dokta alikubali kwa sharti moja: samaki hao wakimwaibisha kabla ya siku ya ufunguzi, tangi litolewe, na jina la Ufuoma lisitajwe tena kwake. Ufuoma alikubali. Wateja wake wote mpaka siku hiyo walikuwa wamemwambia vizuri ni vya ng'ambo, naye alikuwa amechoka kuuza uzuri wa watu wengine.

Mudiaga ndiye aliyembebea mawe na magogo. Walipokuwa wanajaza maji alimuuliza anachaguaje nani akae na nani.

"Ni kama wapangaji wa ua mmoja," Ufuoma alisema. "Kwanza unauliza kila mtu analala wapi. Huyu samaki kipepeo hakai chini kabisa, yeye na juu ya maji tu, akisubiri mdudu adondoke. Kwa hiyo simwekei jirani anayetosha mdomoni mwake. Katikati nimeweka macho-mekundu wanane. Wakiwa wawili wanajificha, wakiwa wanane wanatembea kama wanakwenda harusini. Chini kuna hawa gogogo watatu, wale wanaopenda kuogelea chali, na jozi moja ya tumbo la rozela."

"Kwa nini jozi moja?"

"Ua mmoja haukai mama wenye nyumba wawili."

Mudiaga akacheka. Akamweleza kwamba kwao wafuga kambale kazi ni rahisi, ni ukubwa tu. Kila wiki wanapanga samaki upya, wakubwa beseni lao na wadogo lao, kwa sababu kambale akiwazidi nduguze humeza mmoja baada ya mwingine mpaka bwawa linabaki na yeye na shibe yake. Wanamwita mpitaji. Jicho lake, alisema, linamjua mpitaji kutoka mlangoni. Ufuoma alikuwa anaisikiliza sauti kuliko maneno, akatabasamu, hakumjibu kitu.

Siku nane kabla ya ufunguzi shangazi yake Ufuoma alizikwa Ughelli, na maziko ya kwetu si ya kwenda na kurudi. Alimwachia Mudiaga ufunguo wa ukumbi kwa siku tatu. Alimwomba alishe asubuhi, azime taa jioni, basi.

Siku ya pili Mudiaga alikuta mikia ya macho-mekundu wawili imechanika. Dume la tumbo la rozela, kubwa kuliko jike lake kwa karibu nusu, lilikuwa linatoka mbio kwenye kifuu cha nazi kilicholazwa chini ya tangi na kumfukuza kila anayekatiza. Alimpigia Ufuoma mara sita, lakini kule ngoma zilikuwa zimepamba moto na simu ilikuwa ndani ya mkoba. Basi akafanya anachokijua. Alileta mabeseni matatu, akakunja mikono ya shati, akawapanga samaki kwa ukubwa, na lile dume akalitia ndooni ili aende nalo shambani kwake.

Mama Dokta aliingia akakuta maji sakafuni na samaki wake kwenye mabeseni. Aliuliza kuna nini. Mudiaga, kwa fahari ya mtu wa fani, alijibu kwamba amemkamata mpitaji, na kwamba angechelewa siku moja angekuta tangi tupu.

Jioni hiyo Ufuoma aliusoma ujumbe wa Dokta katikati ya waombolezaji: bwana wako amenieleza kwamba samaki wako wanakulana, Jumatatu naagiza wa dhahabu. Aliusoma mara tatu. Aliingia chumba cha nyuma, akakaa juu ya gunia la mchele na nguo yake nyeupe ya msiba.

Alirudi asubuhi yake, akapita moja kwa moja klinikini. Mudiaga alikuwa amesharudisha wote tangini isipokuwa dume, akimsubiri kwa tabasamu. Ufuoma hakumtazama. Aliona jike likizunguka kifuu peke yake, likiwafukuza gogogo huku na huku, na matumbo ya gogogo yakiwa mviringo. Hapo akaelewa.

"Dume liko wapi?"

"Kwangu, salama. Nimekuokolea waliobaki."

"Lilikuwa linalinda watoto, Mudiaga."

"Watoto gani? Mimi sikuona mtoto."

"Kwa sababu wewe huangalii, unapima. Walikuwa mle ndani ya kifuu. Mama anakaa nao, baba anafukuza. Umemtoa baba, wameliwa wote."

"Nilikupigia mara sita."

"Na Dokta naye ulimpigia?"

"Aliniuliza, nikamjibu."

"Ukamjibu kwamba samaki wangu ni wauaji. Unajua neno hilo lilikuwa na uzito gani kwangu."

Mudiaga akakaza uso. "Nafuga samaki mwaka wa tisa huu. Usinifanye mtoto mbele ya ndoo."

"Unafuga wa kuuawa," Ufuoma alisema. "Hawa walikuwa wa kuishi."

Aliutwaa ufunguo mkononi mwa Mudiaga, akauweka juu ya meza taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akatoka. Siku hiyo jike lilizunguka kifuu mpaka taa zikazimwa.

Kule shambani Mudiaga aliweka lile dume kwenye bakuli la kioo, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumpigia simu, alilitazama. Lilikuwa limepauka. Halikula. Na alipokuwa analitazama, fani yake mwenyewe ikamuuliza swali: ni nani aliyemezwa? Alihesabu kichwani. Macho-mekundu walikuwa wanane alipowatoa, wanane alipowarudisha. Mpitaji hachani mikia, mpitaji humeza. Huyu alikuwa hataki kula mtu, alitaka tu watu wasogee mlangoni kwake.

Kesho yake alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda kliniki ya zamani ya Mama Dokta, akakaa kwenye benchi na wajawazito kumi na watatu. Mmoja alimuuliza yeye ana miezi mingapi. Alikaa hapo saa mbili, na alipoingia hakukaa.

"Dokta, kosa ni langu," alisema. "Yule samaki alikuwa anachunga watoto wake. Nilimpima kwa kipimo cha kambale, nikakwambia maneno nisiyoyajua."

Dokta alivua miwani. "Mbona humwambii yeye?"

"Yeye alishajua. Asiyejua ulikuwa wewe."

Mama Dokta, ambaye ameshuhudia waume wengi wakitafuta pa kutupia makosa yao, alichukua simu akampigia Ufuoma. Alimpa mpaka Jumamosi, siku ya ufunguzi, na akamsimulia habari ya benchi.

Simu ya Mudiaga ililia kabla hajafika barabarani.

"Nasikia umepanga foleni ya wajawazito."

"Walinipa namba kumi na nne."

"Na hali?"

"Wamesema naendelea vizuri, nisibebe vizito."

Upande wa pili Ufuoma alikizuia kicheko asikiachie bure. Kisha sauti ikashuka.

"Na mimi nilikosa, Mudi. Ulipozungumzia ukubwa nilipaswa kukuambia, hawa wakizaa wanakuwa wakali. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naifurahia sauti yako. Haya, mlete baba."

Lakini baba harudishwi hivihivi. Ufuoma alieleza kwamba jike limeshazoea kuwa peke yake, likimwona ghafla litampiga kama mgeni. Waliweka kioo katikati, dume upande huu na jike upande ule, waonane bila kugusana. Halafu wakalipanga tangi upya: kona ya kushoto wakaizungushia magogo na majani mapana iwe ya jozi peke yake, ili wengine wapite bila kuonekana na mlango wao usitafutiwe ugomvi. Ufuoma ndiye aliyeamuru, Mudiaga akainua. Siku mbili walikaa chini sakafuni wakila mahindi ya kuchoma na kutazama. Siku ya tatu jike lilikwenda mpaka kwenye kioo, likajipinda, likatikisa tumbo lake jekundu, na lile dume lililopauka likaanza kurudiwa na rangi kuanzia shavuni. Ufuoma alikitoa kioo taratibu. Dume na jike wakaingia kwenye kifuu pamoja.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Akina mama walikuja na vitambaa vizito vya joji na shanga za marijani, wanaume na mashati marefu, shuka za kiunoni na kofia. Dokta alipowasha taa ya tangi kelele zilikatika. Kipepeo alikuwa ametulia juu na mabawa yake, macho-mekundu wakapita wote wanane, gogogo mmoja akaogelea chali, na chini, kwenye kona yao, wenye nyumba wakatoka kuangalia ni nani hao. Bibi mmoja mwenye fimbo alisogea mpaka pua ikagusa kioo. Akasema samaki huyu alikuwa anamtupa akiosha nyavu za babake, miaka sitini iliyopita, na kumbe alikuwa anatupa vito. Ufuoma alipiga magoti akamsalimu kwa migwo, salamu ya heshima kwa wazee, na alipoinuka macho yake yalikuwa yamelowa, lakini kidevu kilikuwa juu.

Mgeni mmoja kutoka Asaba, mwenye hospitali yake, alimshika Mudiaga mkono. Alikuwa amesikia kwamba yeye ni bingwa wa samaki, akataka kujua lini anaweza kumjengea tangi kama hili.

"Si mimi, mzee," Mudiaga alisema, na hakushusha sauti. "Mimi nilikaribia kuliharibu. Aliyewachagua na kuwapatanisha ni yule pale, Ufuoma. Ukitaka, zungumza naye, na akikwambia kitu, msikilize."

Watu waliokuwa karibu waligeuka. Mgeni akamwendea Ufuoma, wakaelewana siku ya kuonana, na alipokuwa anaandika jina lake akauliza, kwa adabu ya watu wazima, yule kijana mkweli ni nani wake.

Ufuoma alimtazama Mudiaga juu hadi chini, shuka iliyofungwa vizuri, kofia mpya, na mikono ile isiyojua pa kukaa.

"Ni mchumba wangu," alisema. "Hajaleta wazee bado. Lakini Jumapili ijayo baba yangu atakuwa nyumbani, na viti vipo."

Mudiaga, mwenye maneno ya soko zima, alivua kofia na kuishika kifuani. Akina mama wa joji walikuwa wameshaanza kupiga vigelegele.