Miguu Chini ya Cherehani

Cherehani ilianza kukanyagwa jioni ya tisa baada ya mazishi, fundi akiwa jikoni anamenya viazi na bintiye. Ka-cha, ka-cha, ka-cha. Sauti ilitoka chumba cha kazi. Angekuwa peke yake angesema ni mtoto anachezea, lakini mtoto alikuwa mbele yake, kisu mkononi, macho yamemtoka.

"Baba, nani yuko kule?"

"Upepo."

"Upepo unakanyaga pedali?"

Fundi aliweka kiazi chini. Cherehani ile haikuwa hata na mkanda wa kuzungusha gurudumu. Mkanda alikuwa nao yeye, umekunjwa mfukoni, na kila alipobadili suruali aliuhamisha.

Tumlaumu fundi, lakini tumlaumu kwa haki. Nyumba ile iliishi kwa cherehani moja: yeye alikata, mkewe alishona. Wateja walimwita mke Bi Pindo, kwa sababu hakuna aliyemfikia kwa kupinda nguo, na kwa sababu aliweza kukutania huku pini sita zimebanwa midomoni. "Suruali haijapungua, baba," angemwambia mteja. "Wewe ndiye umeongezeka." Mteja alicheka na kulipa.

Ugonjwa ulikuwa unamjia jioni. Akishakaa tu, miguu inaanza kumwasha kwa ndani, mahali ambapo kucha haifiki. "Ni kama sisimizi wana msafara ndani ya mfupa," alimwambia mumewe. Akisimama wanatulia, akilala wanaamka. Alipiga mateke kitandani, akaomba radhi, akapiga tena. Nafuu aliigundua mwenyewe: pedali. Akiamka akashona mapindo mawili matatu, miguu ilikubali kumwachia usingizi kidogo.

Na fundi alimwambiaje? "Miguu si yako? Iambie itulie." Mara ya kwanza ilikuwa utani. Mara ya kumi haikuwa utani tena.

Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akampima damu, akamwambia ugonjwa huo upo, si wazimu wala si uvivu, na una dawa. Bi Pindo akalia pale pale kitini kwa furaha ya kusadikiwa. Akaandikiwa vidonge. Duka la kwanza hawakuwa navyo. Duka la pili kijana wa kaunta alikisoma cheti, akamtazama juu mpaka chini. "Mama, hii ni ya wazee wanaotetemeka mikono. Daktari kachanganya."

Alirudi nyumbani kama mtu aliyekamatwa akidanganya. Fundi, badala ya kwenda kuuliza kwingine, alisema, "Unaona? Hata wenye dawa wanashangaa." Cheti kikaingia kwenye droo ya vifungo, kikakaa humo wiki tano.

Alimpenda mkewe, hilo tusimnyime. Alimwona anakonda, macho mekundu, akaamini kinachommaliza ni kushona usiku. Basi jioni moja akaufungua mkanda wa cherehani na kuutia mfukoni.

"Leo utalala," alimwambia.

"Nirudishie, mume wangu. Nitafanya nini na miguu hii?"

"Utalala tu."

Hakulala. Alijaribu kuikanyaga pedali tupu, ikawa nyepesi mno, miguu ikakataa kudanganywa. Akatembea. Usiku wa kwanza alitembea sebuleni, wa pili uani. Asubuhi fundi alimkuta amekaa kizingitini, analia bila sauti, nyayo zimejaa vumbi. Hapo ndipo roho ilipomsuta. Alikitoa cheti kwenye droo na kuzunguka nacho mchana kutwa, duka hadi duka, hadi alipofika kwa mama mmoja mfamasia aliyekisoma bila kushangaa.

"Ni miguu isiyotulia, sivyo?" alisema. "Mwambie asione haya, hayuko peke yake. Dawa iko stoo yetu nyingine. Njoo kesho nikifungua."

Fundi hakumwambia mkewe. Alitaka amshangaze. Alfajiri aliamka, kitanda upande wa pili ni kitupu, akadhani yuko uani kama juzi. Akasema moyoni: ngoja nimfuatie dawa kwanza, nimpe na habari njema. Alipita mlango wa mbele, akasubiri duka lifunguliwe, akarudi na paketi mkononi karibu anakimbia. Watu walikuwa wamejaa mlangoni kwake. Lori la mchanga lilikuwa limemkuta Bi Pindo katikati ya barabara kukiwa bado na giza. Dereva alilia akisema mama yule alikuwa anakwenda mbio mbio, anaitazama miguu yake.

Ndiyo maana jioni ile ya tisa fundi hakurudia kusema ni upepo. Alimwachia mtoto viazi, akaenda.

Mlango wa chumba cha kazi ulikuwa wazi kidogo, na kabla hajausukuma ilimfikia harufu, mafuta ya mashine yamechanganyika na ile dawa kali ya kuchua ambayo Bi Pindo alijipaka mashavu ya miguu kila jioni na ambayo chupa yake fundi mwenyewe aliitupa siku ya pili ya msiba, na aliposukuma akaiona pedali inapanda na kushuka, polepole kisha haraka, haraka kisha kwa fujo, ikibonyea katikati mahali nyayo mbili zingekaa, na kiti kilichokuwa kitupu kilikuwa kinalia kila pedali ikishuka, jinsi kilivyolia miaka yote kwa uzito wa mtu mmoja tu.

Hakukimbia. Angekimbilia wapi? Alitoa paketi mfukoni mwa shati, akabandua kidonge kimoja, akapiga magoti na kukiweka ukingoni mwa pedali.

"Kunywa, mke wangu," alinong'ona. "Nilikipata. Nimechelewa, lakini nilikipata."

Pedali ilipunguza mwendo. Ikasimama. Asubuhi kidonge hakikuwepo.

Ikawa hivyo kila jioni. Kidonge kimoja, kimya kinarudi. Fundi alianza hata kuisubiri saa ile. Alikaa sakafuni akimwelezea mkewe wateja walivyomsumbua, kisha akamtakia usiku mwema. Kisha paketi ikaisha.

Mfamasia alimpokea kwa tabasamu. "Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Anatulia akipata dawa."

"Afadhali. Sasa arudi kwa daktari amwone tena, aandikiwe nyingine. Siwezi kutoa bila cheti kipya."

"Hawezi kuja."

"Basi daktari atamwonaje?"

Fundi alitoka bila kuaga.

Usiku huo pedali haikunyamaza mpaka saa nane. Iliponyamaza, zikaanza hatua. Nyayo tupu, nyepesi, kutoka chumba cha kazi hadi sebuleni, sebuleni hadi mlangoni, zinageuka, zinarudi, na kila zikirudi zilikuwa zimesogea karibu zaidi na chumba cha mtoto, mpaka zikasimama, na fundi aliyekuwa amejikunyata kitandani akasikia, badala ya hatua, mateke, shuka linaburuzwa, mbao za kitanda kidogo zinagongwa, na sauti ya bintiye inayotaka kulia inasema, "Baba, kuna wadudu ndani ya miguu yangu."

Alfajiri alimfuata mganga. Alikuwa mzee wa miwani mizito, zamani fundi saa, kabla simu hazijamharibia kazi. Alizunguka nyumba nzima, akainama kunusa pedali.

"Daktari alisema ni maradhi tu," fundi alimwambia.

"Daktari hakukosea. Maradhi yalikuwa maradhi." Mganga alivua miwani. "Lakini siku mkeo alipoondoka alikuwa anatafuta pa kuituliza miguu yake, hakupaona. Mahangaiko ya namna hiyo hayazikwi na mtu. Hupata wa kuyapanda kama punda, na huyo mpandaji ndiye jini. Sasa anatafuta miguu ya mtu wa nyumba hii. Nyumbani humu kuna nani?"

"Mimi na mtoto."

"Basi chagua mapema, kabla hajachagua yeye. Na ulichomnyang'anya marehemu, kirudishe."

Fundi hakuwa amemwambia habari ya mkanda.

Jioni alimlaza mtoto, miguu yake midogo ikirukaruka chini ya shuka. Akaingia chumba cha kazi, akautoa mkanda mfukoni, akalivalisha gurudumu. Akakaa kwenye kiti cha mkewe, akavua viatu na kuweka nyayo juu ya pedali.

"Njoo kwangu," alisema. "Mimi ndiye niliyeuficha. Mtoto mwache."

Baridi ilimpanda kutoka nyayo hadi magoti. Chumba cha pili mateke yakakoma, na baada ya muda akasikia bintiye akikoroma taratibu. Fundi alishukuru kwa machozi. Kisha, ndani ya mfupa wa mguu wake wa kushoto, sisimizi wa kwanza akatembea.

Wiki iliyofuata alisimama mbele ya mfamasia na cheti kipya chenye jina lake mwenyewe.

"Na wewe tena?" mama yule alishangaa. "Unajisikiaje?"

"Kama sisimizi wana msafara ndani ya mfupa."

"Ndivyo alivyosema mkeo?"

"Ndivyo alivyosema. Nami nikamjibu aiambie itulie."

Mfamasia alitazama rafu, akatazama chini. "Imeisha. Mzigo mwingine mwisho wa mwezi, Mungu akipenda."

Jioni fundi alikaa kwenye cherehani, akaweka kitambaa chini ya sindano, akaanza kukanyaga. Miguu ilipata nafuu kidogo, ile ile aliyoieleza mkewe kwa maneno mengi na yeye hakuyasikia hata moja. Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumbani. Juu ya pedali, ubavuni mwa nyayo zake, nyayo nyingine mbili za baridi zilikuwa zinatafuta pa kukanyaga.

Fundi alisogeza miguu yake, akamwachia nafasi.