Mifuniko ya Madebe Saba

Jumanne, saa moja asubuhi, Nzuki alifungua debe la pili, akatoa ndengu za juu, akainua kitambaa na kukuta mchanga.

Akafungua la tatu, la nne, mpaka la saba. Juu ndengu kidogo, chini mchanga wa mto.

Stoo hiyo ilikuwa ya nyumba ndogo ya mbao, kilimani juu ya Mukuyuni. Mzee Mwau na jamaa yake, watu wanane, huja kutoka Nairobi kila Agosti kupumzika wiki moja. Duka liko mbali, kwa hivyo chakula hupangwa mapema, debe moja siku moja: muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa kuondoa ganda, chini, ndengu juu, kitambaa katikati. Mpango huo ulikuwa wa Mbinya, marehemu mke wa Nzuki. Ni yeye pia aliyeanza kuziba mifuniko kwa mavi ya ng'ombe na jivu ili wadudu wasiingie. Tangu amzike, Nzuki hakubadilisha kitu.

Mke wa Mwau, Mama Kalondu, alimwita shemeji yake Kasyoki, msimamizi wa nyumba. Funguo za stoo zilikuwa mbili, moja kwa Nzuki na nyingine kwa Kasyoki. Lakini wakubwa wakipotewa na kitu, ufunguo wanaouona ni ule wa mfanyakazi.

"Saa nane mchana uwe umetoa vitu vyako kwa hiyo chumba," Kasyoki akamwambia. "Shukuru sijaita polisi."

Chumba hicho Nzuki alikaa na Mbinya miaka kumi na tisa. Shamba lake lilishachukuliwa na watu waliokuja na hati zenye mihuri, na nyumba nyingine hakuwa nayo. Alibaki na saa saba.

Akaanza na siku. Jumatano iliyopita alipangusa mifuniko yote ikiwa mizima. Ijumaa mpaka leo alikuwa hapo mlangoni, isipokuwa Jumamosi, alipoenda kwenye karamu ya Kasyoki. Siku ya kutwa nzima ambayo hakuwepo ilikuwa Alhamisi. Kasyoki alimtuma Emali kuchukua mtungi wa gesi, na mwenye duka akasema hajui habari ya mtungi wowote.

Kasyoki alikuwa ameshataja mtu mwingine: Adow, mfanyabiashara wa mbuzi, aliyepumzisha mifugo getini Jumatano. Alidai labda alisaidiana na Nzuki. Nzuki hakuhitaji hata kumpigia simu. Alhamisi walikunywa chai pamoja Emali, na Adow ndiye aliyelipa.

Saa tatu akaenda kwa Kanyiva, jirani aliyetwanga muthokoi wote. Kanyiva alikasirika kuulizwa. Halafu akacheka.

"Wewe Nzuki, mimi nizibe debe na nini? Hata mavi ya kupaka ukuta wangu nakuja kuomba kwa ng'ombe yako. Na hiyo yako inakula mabua makavu, inatoa kitu kama makapi."

Nzuki alisimama akamtazama, kisha akarudi stoo mbio bila kuaga.

Mfuniko wa debe la Jumatatu, lile lililokuwa na chakula kamili, ambao Mama Kalondu mwenyewe aliukagua siku ya kufika, ulikuwa na mavi ya manjano, mepesi, yenye nyuzi za mabua. Ile sita ya mchanga ilizibwa kwa mavi meusi yaliyoshikana, ndani yake vipande vya majani, bado kijani. Ni Agosti. Kilima chote hakina jani bichi.

Saa tano alikuwa nyuma ya boma la Kasyoki, mwenyekiti wa kamati ya kisima. Wanawake walikuwa kwenye foleni na mitungi mitupu. Mpira wa maji ulipita nyuma yao ukanywesha nyasi za nepia, na ng'ombe wa mwenyekiti alikuwa akizitafuna.

Saa nane jamaa yote ilikuwa jikoni. Nzuki aliweka mifuniko miwili mezani, na kando yake jani kavu la mgomba lenye bonge bichi la mavi kutoka boma la Kasyoki. Watoto walishika pua.

"Mavi ni mavi," Kasyoki akasema. "Umekosa la kusema, mzee."

"Mheshimiwa, ng'ombe wa kula majani mabichi mwezi huu ni mmoja tu. Uliziba vizuri, kama ulivyofundishwa na mama yako. Lakini ulitumia ya kwako."

Mama Kalondu aligusa mfuniko mmoja, kisha mwingine. Akamuuliza shemeji yake Jumamosi alilisha watu wangapi.

"Mia mbili," Kasyoki akajibu. "Nagombea kiti mwaka ujao. Shamba langu halikutoa kitu. Ningewaambia nini watu, kwamba mimi pia nina njaa?"

"Ungesema hivyo hivyo," Nzuki akasema. "Ungekuwa kama sisi. Lakini ulinialika. Ulinipakulia kwa mkono wako muthokoi wa debe za mke wangu. Nikala sahani mbili, nikakushika mkono kukushukuru. Na wewe unajua Jumanne nitaitwa mwizi."

Kasyoki aliangalia dirisha. Mama Kalondu akanyoosha mkono mpaka akapewa ufunguo wa pili, akauweka mbele ya Nzuki. Akamwambia abaki na chumba chake. Neno pole halikutoka.

Badala yake alimgeukia, kama alivyozoea. "Sasa Nzuki, watoto watakula nini?"

Nzuki alichukua funguo zote mbili akazitia mfukoni.

"Muulize mheshimiwa, mama. Mimi nilishiba Jumamosi."