Zamu ya Kunegunda Jumapili

Jumamosi, katikati ya msongamano wa soko la Bombambili, Kunegunda alipamiana na mtu aliyebeba kilo tano za sukari na doti ya kitenge. Kuinua macho, Remmy!

"Mpenzi! Kesho uko tayari?" Remmy alitabasamu meno yote nje.

Kesho, baada ya misa ya kwanza, wazee wa Remmy walikuwa wapeleke barua ya posa kwao Ruhuwiko. Lakini asubuhi hiyo simu yake ilimletea ratiba mpya ya supamaketi wanakofanya kazi wote wawili: leo mapumziko, kesho kaunta kutwa nzima. Na aliyepanga zamu hizo kwenye programu mpya ni huyuhuyu Remmy. Kama amebadili mawazo, si aseme?

"Unaniuliza mimi?" alijibu, akageuka zake.

Remmy alipiga simu weee, mpaka Kunegunda akachoka, akapokea.

"Kune wangu, nimekukosea nini?"

"Jiulize mwenyewe."

"Najiuliza, sipati jibu!"

Akakata. Roho ilimuuma, akili nayo ikagoma kuelewa. Mtu anapanga zamu ili akwepe posa, halafu ananunua kitenge? Cha nani?

Jumapili saa tatu, aproni ya kazini ikiwa juu ya gauni jipya aliloshonesha kwa ajili ya siku hiyo, Kunegunda alikuwa peke yake kaunta na foleni imefika mlangoni. Wenzake hawakuonekana. Remmy akaingia mbio, suti imemkaa, jasho linamtiririka.

"Wazee wamenipigia, wako kwenu, wewe uko huku! Unanikataa?"

"Nani anamkataa nani? Soma!" Akamsukumia simu.

Remmy alisoma, akashika kichwa. "Mungu wangu! Nilinakili ratiba ya ukutani kisanduku kwa kisanduku. Ile inaanza Jumatatu. Kumbe wiki ya programu inaanza Jumapili! Nimewasogeza watu wote siku moja, zamu ya Jumatatu ya mtu mmoja ikaangukia leo. Jumapili nilikupa mapumziko, Kune. Wewe ndiye niliyeanza kumpangia."

Kunegunda alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Remmy alivua koti, akamfungua aproni, akajifunga yeye.

"Panda bodaboda. Wazee wakikuuliza, utasemaje?"

"Nitawaambia nimekubali," Kunegunda alisema, akikimbilia mlangoni. "Na bwana harusi yuko zamu."