Mawimbi ya Ngassa

— Maji yanazidi kujaa, Meki. Mwamba umeshafunikwa. Upepo bado umelala, wimbi linajikunja taratibu, safi kabisa. Wala hakuna mtu majini.

Mektilda alihamishia simu sikio la pili, akaendelea kubambua karanga. Bahari hakuwahi kuiona. Pale kijijini Ntalikwa, mbali na pwani, aliijua kwa sauti ya Ngassa tu, tangu mchumba wake huyo wa Nzega aende Kilwa kufanya kazi kwenye nyumba ya wageni, akajifunzia huko kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao.

— Nakuuliza unarudi lini, wewe unanijibu mawimbi! Jumapili wanakuja washenga wa Ambrosi kuniposa. Baba anataka jibu langu.

Simu ikakatwa. Kisha ujumbe ukaingia: "Mkubalie Ambrosi. Usinisubiri."

Mektilda akapiga, akapiga tena. Mwishowe ikapokelewa na mwanamke.

— Wewe nani? Mektilda aliuliza.

— Mwanne, mpishi wa hapa. Ngassa kaacha simu mezani, yuko ufukweni analia. Mdogo wangu, kwani hajakwambia? Wimbi lilimbwaga kwenye mwamba wakati wa Pasaka. Mguu wamemkata. Kila asubuhi anakaa kuyatazama mawimbi, ndipo anakupigia.

Mektilda alimweleza baba yake yote, huku akilia. Mzee Eustace akasema:

— Washenga nitawazuia mimi. Wewe nenda kamwone.

Huko Kilwa, Mektilda alimkuta Ngassa amekaa mchangani, magongo pembeni. Maji yalikuwa yamekupwa, mwamba umebaki wazi, mweusi, wenye makali kama visu.

— Ngassa.

Akageuka, akavuta shuka haraka kufunika mguu uliokatwa.

— Nani kakwambia?

— Ulitakiwa uniambie wewe! Nalala nakuwaza, naamka nakuwaza, kumbe unanificha!

— Nilitaka umkumbuke yule wa kwenye ubao, Meki. Huyu hata shamba hawezi kukulimia.

— Yule wa kwenye ubao mimi sijawahi kumwona. Ninayemjua ni anayenipigia asubuhi.

Ngassa alijiinamia. Mektilda akaketi, akamkumbatia kwa nguvu.

— Na baba yako je?

— Twende ukamsikie mwenyewe.

Safari ilikuwa ndefu. Walipofika Ntalikwa, Mzee Eustace alikuwa amesimama mlangoni. Ngassa akaegemea magongo, akainamisha kichwa.

— Shikamoo, baba.

Mzee alimtazama, akamshika mkono.

— Marahaba, mkwe wangu. Ingia ndani, jua kali.