Chiriku Arudishiwa Hadithi Zake

Mama Chiriku alikuwa fundi cherehani. Alishonea nyumbani, karibu na dirisha. Siku moja alasiri alikuwa akipiga pindo la sketi, mwalimu wa binti yake alipobisha hodi.

"Karibu, mwalimu. Kwema?"

"Kwema, mama. Nina swali moja tu. Mtoto wako alizaliwa bubu?"

Mkasi ulimponyoka fundi. "Bubu? Chiriku? Jina hilo tulimpa kwa sababu ya mdomo wake!"

"Basi darasani hajatamka neno hata moja. Wiki ya tisa sasa."

Mama akamgeukia binti yake wa miaka minane, aliyekuwa ameketi kando ya cherehani. Mtoto alikuwa akitazama sakafu. Hapo mama aligundua jambo lililomkata maini. Hata hapo nyumbani, hakukumbuka alimsikia lini akicheka.

Walipohamia mji huu, mama aliweka sheria: humu ndani ni Kiingereza tu. Hata hadithi za jioni alizikomesha. Naye mwenyewe Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Nyumba ikanyamaza. Akadhani ni adabu.

"Nilidhani namsaidia," mama alisema.

"Wazazi wengi hudhani hivyo, dada yangu. Lakini lugha ya nyumbani haizuii Kiingereza. Inakibeba mgongoni! Mtoto akiijua hadithi kwa lugha yake, kinachobaki ni kutafuta maneno mapya. Mrudishie hadithi zake. Na Ijumaa njoo utusimulie darasani."

"Mimi? Kwa Kiingereza gani?"

"Kwa lugha yako. Nina watoto wa lugha saba. Mzazi anasimulia, watoto wanachora, kisha tunajifunza maneno ya Kiingereza kwenye michoro yao."

Ijumaa, mama alisimama mbele ya watoto thelathini. Alisimulia habari za kobe aliyealikwa harusini, akafika bwana harusi ameshapata wajukuu. Alitembea kama kobe. Akalia kama kobe. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mmoja akauliza kitu kwa Kiingereza. Mama hakuelewa. Akamtazama mwalimu amsaidie.

Ndipo sauti ndogo, yenye mikwaruzo, ikatoka nyuma.

Chiriku alikuwa amesimama. Alijibu kwa Kiingereza kwamba kobe analia kwa sababu zawadi yake imeoza njiani.

Mwalimu aliziba mdomo kwa mkono. Mama alimkodolea macho binti yake. Maneno hayo yote yalikuwa yamejificha wapi?

"Endelea, mama," Chiriku alisema kwa lugha yao. "Nitawaambia."

Mama akasema sentensi, mtoto akaigeuza. Alikosea hapa na pale, lakini hakuna aliyemkatiza. Walifika mpaka mwisho.

Tangu siku hiyo, kila jioni cherehani hupumzika. Wanasimulia kwa lugha yao, wanachora, kisha Chiriku anamfundisha mama yake maneno ya Kiingereza, picha kwa picha. Mama akikosea, mtoto anacheka kwa sauti.

Muhula ulipokwisha, ripoti ililetwa. Mama aliisoma mwenyewe, kidole kikifuata maneno. Mstari wa mwisho ulimshtua. Akausoma tena. Kisha akatoka mbio mpaka mlangoni kwa jirani.

"Shoga, toka nje! Mwalimu amelalamika! Ameandika mtoto wangu anapiga soga mno darasani!"

Akapiga kigelegele, mtaa mzima ukachungulia.