Isale kwa Mwenye Mark II

Jumamosi asubuhi soko la Kilombero halina adabu. Utakanyagwa, utapigwa kikumbo na mkokoteni wa viazi, na aliyekukanyaga ndiye atakayekuuliza kama huna macho. Agnela alikuwa ameinama kwenye fungu la vitunguu, gauni lake la kitenge cha kijani amelikusanya kwa mkono mmoja lisiguse tope, gari jeupe lilipopita barabarani likinguruma mpaka kuku waliofungwa miguu wakapapatika.

"Mark II ya turbo hiyo!" muuza vitunguu akasema kwa fahari, utadhani ni ya mjomba wake.

"Turbo wapi," Agnela akajibu bila kuinua kichwa. "Hiyo ya kawaida, wametoboa ekzosi tu. Ya turbo ukiachia mafuta inapumua."

"Inapumua vipi, dada?" ikauliza sauti ya kiume upande wa pili wa fungu.

Akainua macho. Kijana mrefu, shati la kaki lenye vumbi la mbugani kwenye kola, anamtazama kwa shauku ya mtu anayesubiri kuhubiriwa. "Fshhh," Agnela akafanya kwa mdomo, kisha haya zikamshika. Kijana akacheka mpaka kitunguu kikamponyoka.

Hivyo ndivyo Solomoni Yiamat wa Oldonyo Sambu alivyomjua Agnela wa Kibosho. Solomoni alikuwa dereva wa watalii. Agnela alifanya kazi katika ofisi ya kuagiza magari Japani, barabara ya Sokoine, na alijua magari ya mnadani kama mama mboga anavyojua mchicha. Jumatatu Solomoni akamfuata ofisini, shati limepigwa pasi.

"Nataka Mark II ya miaka ya tisini. Turbo, gia za mkono."

"Wenzako wanaagiza magari ya familia."

"Familia itakuja. Tuanze na gari."

"Unakimbilia wapi lakini?"

"Sikimbilii popote. Wiki nzima nasubiri tembo wavuke, simba akilala njiani nazima injini. Nataka kitu kimoja tu duniani kinachonisikia nikikigusa."

Agnela akaandika oda huku anabana kicheko. Gari zuri la aina hiyo halipatikani haraka. Mengi yamechoka, mengine yamegongwa yakapakwa rangi. Kwa hiyo ikawa ni kupigiana simu, na mtandao wa porini ulipatikana juu ya kilima kimoja tu, nacho Solomoni alikipanda kila jioni.

"Meneja wangu, limepatikana?"

"Bado."

"Afadhali. Likipatikana nitakupigia kwa kisingizio gani?"

"Utapiga kuniuliza bei ya matairi, mpenzi."

Neno mpenzi lilimtoka lenyewe, na hakulirudisha. Kabla mvua za vuli hazijaisha walikuwa wakila pamoja kila Jumapili Solomoni alipokuwa mjini, nyama choma na ndizi, wakichekeana kama watoto wa shule.

Ila palikuwa na jambo ambalo Agnela hakumwambia. Kabla yake alimwagizia kijana mmoja wa mtaa wa Sakina gari lenye kasi, na kijana huyo akafa nalo barabara ya Moshi lingali linanukia upya. Agnela alikwenda msibani. Mama wa marehemu alimshika mkono akamuuliza, bila ubaya wowote, "Ni wewe uliyemletea?" Swali hilo alilibeba kifuani, na kila Solomoni alipotaja turbo lilimchoma. Solomoni alishamweleza kwamba hana mpango wa kushindana barabarani. Wapo madereva wenzake wanaokodi uwanja wa zamani wa ndege ndogo kwenye shamba moja njia ya Usa, wanapanga koni za plastiki na kujifunza kuliongoza gari. Alimwalika mara kadhaa. Agnela akawa na udhuru kila mara.

Siku moja likatokea mnadani gari lenyewe: jeupe, safi, halijaguswa. Solomoni alipoona picha alipiga kelele kwenye simu. "Ndilo hilo, Agnela! Ndilo!"

Agnela akamgeukia Rodrick, mwenzake wa ofisini, akamwambia waliache lipite, wasitoe bei. Kesho yake akampigia Solomoni. "Tumezidiwa, mpenzi. Pole sana." Akalia kweli, maana aibu nayo hutoa machozi.

"Usilie, mama," Solomoni akambembeleza. "Gari ni chuma tu. Litakuja jingine."

Rodrick ni mtu mwema, shida yake mdomo. Solomoni alipopita ofisini kusalimia, Agnela akiwa benki, Rodrick akamwambia, "Lile jeupe tulilipoteza bure. Si Agnela alisema tuliache?"

Agnela aliporudi alimkuta amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ni kweli?"

"Solo, ngoja nikueleze."

"Sijakasirikia gari. Ungesema 'naogopa', ningekaa chini tukaongea. Umeniacha nikakubembeleza kwa uongo wako mwenyewe!"

Akaondoka. Simu iliita mpaka ikachoka, halafu haikuita tena.

Agnela akapanda gari kwenda kwao Kibosho, kwa shangazi yake Hedwiga, mwanamke asiyependa maneno mengi. Hedwiga alimsikiliza huku anamenya ndizi, akafuta kisu, akatoka nje kwenye uzio wa kihamba, shamba lao la migomba. Akarudi na jani refu la isale, amelifunga fundo.

"Umemkosea, mpelekee hili. Mtu akiletewa isale amesamehe, hata kama moyo bado unauma. Na usijieleze sana. Lenyewe litasema."

Basi akalipeleka. Oldonyo Sambu iko nyuma ya Mlima Meru, upande ambao mvua huusahau. Vumbi lilimkaa mpaka kwenye kope na gauni lake la bluu likageuka kijivu. Mama yake Solomoni, mama Resiato, alikuwa anatenganisha mbuzi. Agnela akainamisha kichwa, mama akamgusa utosini.

"Shikamoo, yeyo," akaamkia, akimwita mama kwa Kimaa.

"Marahaba, mwanangu. Solomoni yuko porini."

"Nimemletea hili." Akalitoa kwa mikono miwili.

Mama Resiato akaligeuza jani, akamtazama msichana, akaligeuza tena. Usoni mwake mlikuwa na huruma nyingi. "Haya. Ashe," akashukuru, akamkaribisha chai ya maziwa.

Agnela akarudi mjini akiwa mwepesi, akasubiri. Solomoni alitoka porini. Agnela alilijua gari lake la kazi, aliliona limeegeshwa karibu na mnara wa saa. Hakupiga. Akarudi porini, akatoka tena. Kimya. Hapo Agnela akaelewa kwamba isale limekataliwa, jambo ambalo Kibosho mtu huweza kutengwa kwa ajili yake. Alilia mbele ya kompyuta, Rodrick akijifanya anatafuta kalamu.

Hata hivyo oda ya Solomoni ilikuwa bado haijafutwa. Agnela akaitafutia gari kwa bidii ya mtu anayelipa kosa. Akalipata Mark II la rangi ya fedha, turbo, gia za mkono, akatoa bei kwa mkono wake mwenyewe. Bei yake ikashinda. Lilipofika Arusha kutoka bandarini, Rodrick ndiye aliyempigia Solomoni simu.

Solomoni alikuja na shati jeupe. Alilizunguka gari taratibu, akaweka kiganja juu ya boneti kama anavyomtuliza ndama. Agnela akatoka na ufunguo.

"Umelitafuta," Solomoni akasema.

"Ni kazi yangu. Isale umelikataa, basi pokea gari lako tuachane salama."

"Nimekataa nini?"

"Solo, usinifanyie hivyo."

"Isale ndiyo nini?"

Agnela akamkazia macho. Uso wa Solomoni ulikuwa mtupu, hauna hila. Ndipo ilipomjia, kwa mara ya kwanza tangu aanze kulia, kwamba mwanamume huyu hakuzaliwa Kibosho.

"Jani," akasema kwa sauti ndogo. "Refu, lina fundo. Kwetu ndiyo kuomba msamaha. Nilimkabidhi mama yako."

Solomoni akapiga simu nyumbani. Wakaongea Kimaa, kirefu. Katikati akafumba macho, mabega yakaanza kutikisika.

"Anasema lile jani alimpa beberu."

"Nani?"

"Mbuzi, Agnela! Alikuonea huruma. Msichana wa mjini amesafiri kote huko kuleta jani moja kwenye boma la mifugo. Akaona asikuaibishe, akampa beberu wake mweupe, lisipotee. Hata kuniambia aliona vibaya."

Agnela akacheka, na kicheko kikageuka kilio hapohapo. Solomoni akamsubiri amalize.

"Kwa hiyo beberu amekusamehe," akasema. "Mimi bado."

Hapo Agnela hakuwa na jani wala shangazi. Akafuta macho kwa kiganja, akamsimulia habari za kijana wa Sakina, msiba, na swali la yule mama. "Naogopa, Solo. Nakupenda na naogopa. Ndilo neno nililopaswa kukuambia."

Solomoni alikwenda ukutani penye nyasi chache zilizosalimika na matairi, akang'oa za kujaa kiganja, akamrudia.

"Kwetu anayetaka amani hushika majani mabichi. Mimi nilikuzimia simu mtu akiwa na msiba kifuani. Shika." Vidole vyao vikabaki vimeshikana kwenye nyasi mpaka Rodrick akakohoa dirishani.

Jumapili, baada ya misa, Agnela akakubali kwenda kwenye ule uwanja wa shamba. Njia nzima Solomoni aliendesha kama amebeba mayai, bodaboda zikiwapita. Uwanjani akamvalisha kofia ngumu, akamfunga mkanda.

"Ukisema basi, naacha."

Gari likaruka. Kilio cha injini kikapanda, koni zikawa mistari, na Agnela akasema, "Basi!" Solomoni akaacha papo hapo, gari likapumua fshhh na kutulia. Hakuuliza kwa nini, hakucheka. Agnela akakaa akisikiliza moyo wake. Alitaka tu kujua kama atasikiwa.

"Endelea," akasema.

Walipomaliza walibaki ndani ya gari, vioo vimeshushwa, Meru imejitoa mawinguni mbele yao.

"Yule beberu amenona," Solomoni akaanza, anatazama usukani. "Nimemwambia mama asimuuze. Namtaka awe ndafu."

Mtoto yeyote wa Kibosho anajua kwamba ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, huletwa mbele ya maharusi ukumbini. "Ndafu ya nani?" Agnela akauliza.

"Yetu. Kama utanikubali, na kama shangazi yako hana neno na mbuzi aliyekula isale."

"Utamfikishaje Kibosho?"

"Kiti cha nyuma."

"Mbuzi! Kwenye viti vya Mjapani?"

"Polepole, mama. Kama mayai."

Agnela akacheka, akaunyoosha mkono wake na kuuweka juu ya mkono wa Solomoni kwenye gia. "Nimekubali," akasema. "Twende tukamwambie yeyo. Safari hii sibebi jani, nitamwambia kwa mdomo wangu."